Daftari la kusomea: jinsi ya kuandika unachosoma na kutoa maoni yenye ushahidi (mwongozo kamili)

Watu wa Mombasa kwa kuongea hatushindwi. Kaa barazani jioni yoyote, kuanzia Mji wa Kale mpaka Kisauni huko, utasikia siasa, mpira, harusi ya fulani imekuwaje, na mara mojamoja utasikia habari ya kitabu. Lakini ikifika kwenye kitabu ndo utaona maneno yanakatika. "Kile kitabu kizuri sana, kisome." Kizuri vipi? "Aa we kisome tu utaona." Basi imeisha hapo, manake aliyekisoma kakisoma zamani, majina kasahau, mwisho kasahau, kabaki na ile hisia tu kwamba kilimkolea.

Wengine wetu ugonjwa wetu ni wa upande wa pili, shule ilituharibu kidogo. Tumefunzwa kitabu kina maudhui, dhamira, wahusika na mbinu za lugha, sasa mtu akikuuliza kitabu kimekufanya nini unaanza kumworodheshea "mwandishi ametumia tashbihi, methali na taswira" kama vile karatasi ya tatu ya Kiswahili bado iko mbele yako. Mtihani ulishaisha bwana, hakuna anayekupa maksi hapa.

Daftari la kusomea linatibu yote mawili, ila kwa sharti moja: kila unachoandika kiwe na namba ya ukurasa. Maoni yenye ukurasa mtu anaweza kukifungua kitabu mkajadiliana, maoni yasiyo na ukurasa ni domo tu. Hilo ndo nililonalo la kusema, yanayofuata ni namna ya kulifanya.

Hatua ya kwanza: amua daftari ni la nani

Kabla hujanunua chochote. Kuna kuandika kwa ajili yako na kuna kuandika kwa ajili ya watu, na ukivichanganya unaharibu vyote viwili, manake ukishajua kuna mtu atasoma unaanza kujipamba, unaandika "riwaya hii yenye mvuto wa kipekee" na wewe mwenyewe wajua ulisinzia kwenye sura ya nne.

Njia rahisi ni daftari moja lenye pande mbili. Upande wa mbele ni wako, andika vyovyote, mwandiko mbovu, Kiswahili na Kiingereza vikichanganyika, hasira, vicheko, yote. Halafu geuza daftari juu chini uanzie nyuma, huko ndo unaandika maoni uliyoyasafisha ya kuwapa watu. Pande zikikutana katikati, daftari limejaa.

Na nyumba zetu si unazijua, watu wengi na mlango haufungwi, kuna mdogo wako kazi yake ni kupekua. Kwa hivyo kwenye upande wako usiandike majina ya watu. Mhusika akikukumbusha mtu wa ukoo andika herufi moja tu, "huyu ni shangazi F. kabisa", wewe utaelewa na mwengine asielewe.

Hatua ya pili: vifaa, na usikae hapa sana

Hapa watu hupotea. Mtu aangalia video za madaftari yenye stika na kalamu za rangi ishirini, anapanga, anaulizia bei, na kitabu chenyewe hakijafunguliwa. Sikiza, Abdilatif Abdalla ni mtoto wa hapahapa Mombasa. Alifungwa kuanzia 1969 mpaka 1972 kwa ajili ya waraka wa siasa alioandika, na mashairi yake ya gerezani aliyaandika kwenye karatasi ya choo, mwaka 1973 yakatoka kitabu. Kwa hivyo mtu asinambie hajaanza kwa sababu hajapata daftari zuri.

Chukua hadikava ya saizi ya A5, inaingia kwenye pochi na kwenye begi la kazini. Ya springi siitaki, hewa yetu ya chumvi huila ile waya ikaota kutu na kurasa zikaanza kuponyoka. Kalamu iwe biki ya kawaida. Jeli inaandika vizuri lakini mkono ukiwa na jasho inapaka, na hapa Januari mpaka Machi nani hana jasho. Ongeza penseli moja na vipande vya karatasi ulivyokata mwenyewe vya kuweka alama kwenye kitabu, basi.

Simu pia yafaa, sitaki kuwa mzee hapa. Ukipenda kuandikia simu tumia programu ya noti iliyo ndani au jitumie ujumbe mwenyewe WhatsApp, lakini kwanza hakikisha zinahifadhiwa mahali, manake simu huanguka majini na huibwa. Binafsi napendelea karatasi kwa sababu moja ndogo: nikishika simu kuandika sentensi moja kuhusu kitabu najikuta nasoma status za watu.

Hatua ya tatu: liandae kabla ya kuliandikia

Zipe kurasa za daftari namba zote, ndio zote, inachosha lakini ni kazi ya jioni moja na kahawa. Kurasa nne za mwanzo ziache tupu kwa ajili ya fahirisi: jina la kitabu, mwandishi, na kiko ukurasa gani wa daftari lako. Bila fahirisi daftari likifika nusu hupati kitu.

Halafu kwenye kava la ndani andika orodha mbili. Moja ni vitabu unavyovitafuta, ili ukipita kwa wale wauza vitabu vya mtumba mjini usisimame ukakuna kichwa. Ya pili ni vitabu vyako vilivyo kwa watu, jina la kitabu, nani kachukua, tarehe. Hii ya pili ina faida kuliko watu wanavyodhani. Kitabu kikivuka feri kikaenda Likoni hakijaandikwa popote, hicho hesabu umetoa sadaka.

Hatua ya nne: mistari mitatu kabla ya ukurasa wa kwanza

Kabla hujaanza kusoma andika: kitabu kimetoka wapi, kwa nini umekichukua, na wadhani kitakuwaje. Mistari mitatu tu. Huo wa tatu ndo wenye raha, manake ukimaliza utarudi uone ulidhani nini na ukapata nini, na mara nyingi tofauti ya hayo mawili ndo maoni yako yenyewe yameshajiandika.

Ongeza na toleo, yaani mchapishaji na mwaka. Watu huruka hili halafu wakija kubishana namba za kurasa hazilingani, wewe una chapa ya zamani mwenzako ana mpya, kila mtu aona mwenzake mwongo. Ikiwa una wasiwasi andika sura pia pamoja na ukurasa, sura haibadiliki kirahisi.

Kikiwa cha maktaba, iwe ile ya taifa au nyingine yoyote, andika tarehe ya kurudisha hapohapo juu. Na kitabu cha maktaba hakiandikwi ndani, hata kwa penseli, hata kidogo. Utakuta mtu kapigia mistari ukurasa mzima kwa biki nyekundu, sasa anayekuja nyuma asome kitabu au asome yeye?

Hatua ya tano: kuandika huku unasoma

Hapa ndo penye kazi, na ndo watu wengi hushindwa kwa sababu wanataka kuandika mengi. Ukisimama kila aya utakichukia kitabu. Usiposimama kabisa ukifika mwisho umebaki na "kizuri sana".

Mimi nakwambia hivi: simama pale mwili unapokwambia simama. Umecheka peke yako kwenye matatu mpaka jirani akakutazama, hapo. Umerudia sentensi mara mbili kwa utamu wake, hapo. Umeboeka ukaanza kuhesabu kurasa zilizobaki, hapo pia, tena hapo zaidi, manake kuboeka watu hawakuandiki na kuna mengi ya kusema. Umemshuku mhusika, umehisi mwandishi anakudanganya, umekutana na neno hujawahi kulisikia, umeona mahali unapopajua pameelezwa vibaya. Zote hizo ni sababu za kusimama. Kama hakuna kilichotokea, soma tu.

Ukisimama andika vitu vitatu kwa ufupi: ukurasa, nini kimetokea pale, na wewe umefanya nini. Kwa mfano, "uk. 61, baba anarudi usiku hasemi kitu, nimeogopa kuliko angepiga kelele." Imetosha. Hiyo sentensi moja ukija kuisoma mwakani itakurudisha pale, lakini ukiandika "uk. 61 pazuri" hutakumbuka kitu.

Sasa wengi wetu hatusomi mezani. Tunasoma kwenye feri, kwenye foleni ya hospitali, kwenye matatu imekwama Makupa, tunasoma dukani wateja wakipungua. Kutoa daftari kila mara haiwezekani. Basi tumia zile karatasi ulizokata: chomeka kwenye ukurasa, andika neno moja kwa penseli kwenye kile kijikaratasi, "baba", "uongo", "cheka". Usiku ukifika nyumbani uzitoe moja moja uhamishie daftarini. Lakini iwe usiku uleule. Ukilala nazo siku mbili tatu zinakuwa vitendawili, unatazama neno "kuku" na hujui kuku gani.

Wengine hujirekodi sauti, nayo si mbaya, ila usijirekodi dakika kumi maana hutakuja kujisikiliza. Nusu dakika, utaje ukurasa kwanza kabla ya jambo lolote. Na ukipiga picha ukurasa hiyo ni ya kukumbushia tu, picha mia moja kwenye simu bila neno lako hata moja si daftari.

Ukitaka alama za haraka jitungie zako, chache. Nyota kwa pazuri, alama ya kuuliza kwa pasipoeleweka, msalaba kwa pale ambapo hukubaliani. Zikizidi nne tano utazisahau.

Maneno mageni yaandike pembeni na sentensi iliyolibeba, usiandike neno peke yake. Na usikimbilie kamusi palepale, soma mbele kwanza, mara nyingi maana inajileta. Ukikosa, kabla ya kamusi muulize bibi yako au mzee wa mtaani, hasa kwa vitabu vya waandishi wa pwani na visiwani, utapata maana pamoja na hadithi juu.

Hatua ya sita: ukimaliza, funga kitabu, lala kwanza

Usiandike maoni dakika ileile ya mwisho. Mwisho mzuri hulevya, mwisho mbaya hukasirisha, na vyote vinafunika kurasa mia mbili zilizopita. Lala. Asubuhi yake, kabla hujapitia noti zako, andika kwa kichwa tu unakumbuka nini. Vitakavyokuja vyenyewe ndo vilivyoshika. Halafu sasa fungua noti zako ulinganishe.

Nitoe mfano wa kitabu ambacho wengi mnakijua, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Mtu wa kuandika kimtihani ataandika hivi:

"Riwaya hii inazungumzia ndoa za kulazimishwa, ubaguzi na harakati za kupinga ukoloni Zanzibar. Mwandishi amefaulu kuonyesha nafasi ya mwanamke katika jamii."

Si uongo. Lakini hapo hakuna mtu. Ungeweza kuyanakili hayo popote bila kukigusa kitabu. Sasa tazama upande wa mbele wa daftari unavyoweza kuwa, namba za kurasa nimeziacha wazi kwa sababu chapa yako huenda si yangu:

"Yasmin kaozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima kabisa. Wanakuja Mombasa (uk. __), nikafurahi, nikakaa vizuri nione mji wangu, mara hadithi imeshaondoka imerudi Unguja. Nimenyimwa! Wenyewe wa kwao hawamtaki, anayempokea ni Mwajuma, ambaye hana kitu (uk. __). Kwa nini mwenye nafasi ndogo ndo ana nafasi ya mtu? Raza nilitaka nimchukie moja kwa moja, imenishinda, na hilo lanikera. Denge mie simwamini sana mapema, kila mtu anampenda haraka mno (uk. __). Kuuliza: ingekuwa Yasmin ni dadangu ningemfungulia mlango?"

Hayo si uchambuzi, ni mtu anasoma. Ana hasira, ana swali, kuna mahali hakubaliani na mwandishi. Na ukiwa nayo haya, uchambuzi ukiutaka utautoa humo, lakini ukianza na uchambuzi huwezi kurudi ukamtoa mtu.

Vitabu ulivyoviacha njiani navyo viandike. Ukurasa ulioachia na sababu. "Nimeachia uk. 88, watu wote wanaongea sauti moja." Hakuna dhambi kuacha kitabu, na baada ya muda ukiziangalia zile sababu pamoja utajijua wewe ni msomaji wa namna gani kuliko kwa vile ulivyovimaliza.

Mashairi na vinginevyo

Mashairi usiyaandike kama riwaya. Nakili ubeti mmoja kwa mkono wako, usome kwa sauti, tena kama unaweza kughani ghani, hesabu mizani uone mshairi kabana wapi kaachia wapi, ndo uandike. Ubeti mmoja ukiuelewa kisawasawa unatosha kuliko kusema diwani nzima ni nzuri.

Na hapa pwani tuna deni na watu walioandika pembeni ya mashairi. Muyaka bin Haji, yule wa Mvita, alifariki 1840, na mengi tuliyonayo yake leo tunayo kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua alikaa kuyakusanya na kuyaandika pamoja na mmishenari William Taylor, yakaja kuchapishwa kitabu 1940. Tungetegemea vichwa vya watu, mashairi yangekuwa yamebaki vipande.

Vitabu vya dini, vya biashara, vya kujiendeleza: huko andika jambo moja utakalolifanya na tarehe utakayoangalia kama umelifanya. Kikiwa kitabu cha kusikiliza andika saa na dakika badala ya ukurasa. Basi.

Hatua ya saba: kutoa maoni kwa watu

Sasa geuza daftari, twende upande wa nyuma. Kazi hapa ni kuchagua. Noti zako zina mambo kumi na tano, wewe wataka moja. Watu hawakumbuki maoni kumi na tano. Chagua lile ambalo ukikutana na mtu aliyesoma kitabu hicho ungemshika mkono umuulize, hilohilo.

Andika kitabu ni cha nini kwa sentensi moja au mbili, usihadithie. Kisha hilo jambo lako na ukurasa wake. Kisha kitu kimoja ambacho hakikukaa sawa, nacho na ukurasa. Halafu useme ni cha nani: "ukipenda vitabu vya pole pole utakipenda, ukitaka vituko kila sura utalala." Hilo la mwisho ndo msaada mkubwa unaompa mwenzako, manake kizuri kwako si kizuri kwa kila mtu. Soma ulichoandika kwa sauti. Kikizidi dakika moja na nusu, kata.

Mwisho wa kitabu usiumwage. Najua wengine wanasema mwisho si muhimu, muhimu ni safari, sawa, wamwage za kwao. Ukilazimika kugusa mwisho onya kwanza, halafu uache nafasi mtu aondoke.

Kusema vibaya kuhusu kitabu kunahitaji adabu lakini kunahitajika. Tenganisha "sikukipenda" na "hakikuandikwa vizuri". La kwanza ni lako, hutakiwi kumthibitishia mtu. La pili ni tuhuma, lete ukurasa. Na usimpige mwandishi kwa makosa ya mchapishaji, herufi zilizokosewa na kurasa zilizopinduka si mkono wake. Hapa kwetu kuna waandishi wanajichapishia wenyewe na utakutana naye Marikiti ananunua mchicha, ukiona makosa madogo madogo mtumie faragha, atashukuru na chapa ya pili itarekebishwa, ila kama hadithi yenyewe imelegea waambie wasomaji wazi, manake wao ndo wanatoa pesa.

Pia kunukuu sentensi mbili tatu kuonyesha hoja yako ni sawa. Kupiga picha sura nzima na kuituma, au kusambaza PDF ya kitabu kinachouzwa dukani, hiyo siyo kutoa maoni, ni kumla mwandishi. Huwezi kumsifu mtu kwa mkono mmoja na mwengine uko mfukoni mwake.

Barazani ni tofauti na kuandika, kule kuna watu wazima na kuna heshima. Mfano wa kawaida, mzee kasema mbele ya watu:

"Kile kitabu bure. Mwanamke gani yule, hana adabu."

Ukimjibu "hujaelewa mzee" umemaliza mazungumzo na pengine umemaliza na ukaribisho wa kahawa. Sema: "Mzee wangu, mimi pale anapoondoka nyumbani, sura ya tano, nilimwona hana njia nyengine, manake kabla ya hapo kaomba mara mbili hakusikizwa. Wewe pale ulimwonaje?" Umempa mahali, umemrudishia swali, hujamwambia amekosea. Sasa ama atakumbuka au ataomba kitabu akaangalie tena, na ukiona mzee kaomba kitabu hapo umeshinda, mpe, ila andika kwenye ile orodha ya vilivyo kwa watu.

Na jifunze kunyamaza pia. Kuna mtu kitabu kimemgusa kwa sababu ya mambo yake ya nyumbani, anakisifia huku sauti inatetemeka, wewe unataka kumwonyesha udhaifu wa muundo uk. 140. Wa nini? Mwache, siku nyengine.

Hatua ya nane: kusoma na wengine

Ukitaka wenzako watano sita wa kusoma nao usianze na katiba na mwenyekiti. Anza na kitabu kimoja kinachopatikana, maktaba au kwa mtu. Nakala mara nyingi ni moja, na vitabu si bei rahisi, basi ifanyeni izunguke: bandika bahasha ndani ya kava la nyuma, weka karatasi ndani. Kila atakayesoma aandike mstari mmoja na ukurasa, bila kusoma ya mwenzake mpaka amalize. Kikirudi kwa mwenyewe kina sauti za watu sita. Wekeni siku za kukaa nacho, wiki mbili kwa mtu yatosha kwa riwaya ya kawaida, anayehitaji zaidi aseme mapema.

Kwenye grupu ya WhatsApp kanuni moja inatosha: kila ujumbe uanze na namba ya sura, ili ambaye hajafika aruke. Salamu za asubuhi zenye maua na video za kuku anayeongea ziende grupu nyengine. Mkikutana ana kwa ana, jioni ni bora, Ramadhani baada ya tarawehe, kila mtu asome sentensi moja kutoka kwenye kitabu aliyoichagua kabla ya kutoa maoni yoyote. Hii inasaidia sana watu waoga wa kuongea, manake ameshafungua mdomo kwa maneno ya mtu mwengine, yake yatafuata. Na yule ambaye hajamaliza kitabu aje tu, ila hana haki ya kulalamika akisikia mwisho.

Watoto wakitaka kushiriki wape daftari lao, wachore. Mtoto akichora mhusika ana meno makubwa muulize kwa nini, atakupeleka mpaka ukurasa.

Hatua ya tisa: kulitunza

Mombasa karatasi ina maadui. Unyevunyevu ndo wa kwanza, hasa msimu wa masika, kurasa zinajikunja na ukungu unaingia. Liweke mahali hewa inapita, si ukutani panapopata jua la mchana na si chini sakafuni. Usilifunge kwenye plastiki likiwa na unyevu, utakuwa umeufungia ukungu ndani. Likilowa, weka tishu au gazeti katikati ya kurasa, lisimamishe wazi mbele ya feni, usilianike juani.

Mende wa pili. Wanapenda gundi ya uti wa kitabu na wanapenda mafuta ya vidole, kwa hivyo ukila viazi karai huku unaandika ujue una wageni usiku. Majani makavu ya mwarobaini watu huweka kabatini na kwenye nafaka, weka na kwenye rafu ya vitabu, ubadilishe yakiisha harufu.

Hatua ya kumi: kurudi nyuma

Mara moja moja, kila baada ya miezi michache, kaa na daftari bila kitabu chochote, soma tu uliyoyaandika. Utakuta maoni huyakubali tena. Usiyafute na usiyachane, chora mstari chini yake, weka tarehe mpya, andika unavyoona sasa. Kitabu ulichokiona kirefu bure ukiwa kidato cha nne huenda sasa ukaona kilikuwa kifupi, na ukiwa na ukurasa wa zamani utajua hasa ni wapi mawazo yalipogeuka.

Likijaa andika kwenye uti kwa kalamu nzito tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Orodha ya vitabu unavyovitafuta ihamishie kwenye daftari jipya, ile ya vilivyo kwa watu usiihamishe bado, kwanza piga simu uvidai, halafu vitakavyobaki ndo uvihamishe.